Kutoka Helgen mpaka Blackreach kwa miguu: siku 33 na mzigo usiozidi 300

Nimerudi Breezehome, nyumba yangu ya ndani ya gemu, jana usiku, nimemwaga kila kitu kwenye sanduku la chumbani, na sasa niko na daftari langu na skrinshoti mia mbili na ushee najaribu kuipanga hii safari kabla haijaniponyoka. Skyrim ni gemu iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011 na nilishaimaliza huko nyuma zaidi ya mara moja, ila siku zote nilikuwa nasafiri kwa kubonyeza ramani tu, unabonyeza pango unatokea mlangoni, unaingia unasomba, unabonyeza tena uko dukani. Mapango yote yakawa yananijia sawasawa, na ngawira zote zikawa namba tu.

Safari hii nikajiwekea sheria mbili. Moja, hakuna kubonyeza ramani, ni miguu au gari la farasi la kulipia. Mbili, chochote kinachotoka shimoni nakitoa mwenyewe mgongoni, hakuna kumtwisha mwenzangu. Kwa ambaye hajacheza, ukianza unabeba mzigo wa 300, ukizidisha hata kidogo huwezi kukimbia, unajikokota. Upanga wa chuma una uzito wa 9 na thamani ya 25, nyundo ya vita ya chuma uzito 24 thamani 60, pete ya dhahabu uzito robo tu na thamani 75. Ukizikariri hizo tatu umeshaelewa nusu ya gemu. Na saa ya kule inakimbia mara 20 ya yetu, yaani siku nzima ni dakika 72, kwahiyo nikisema siku 33 msidhani nilihamia huko.

Siku ya 1, tarehe 17 Last Seed (mwezi wa kule). Helgen mpaka Riverwood

Joka limeshachoma mji, nimetoka na askari mmoja, Hadvar, kupitia chini ya ngome, tumetokea upande wa pili hewa baridi na milima mbele. Hapa zamani nilikuwa nakimbia moja kwa moja, safari hii nikatembea naye pole pole akawa ananionyesha vitu, na katikati ya mteremko akanyoosha kidole ng'ambo ya mto, juu kabisa, kwenye yale matao meusi ya mawe yaliyokaa kama mbavu za mnyama. Bleak Falls Barrow, makaburi ya kale. Akasema utotoni yalikuwa yanamnyima usingizi. Nilipiga picha palepale na ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, maana shimo unaliona tangu barabarani, unajua kesho uko mle.

Kabla ya kijiji kuna mawe matatu pembeni ya njia, la shujaa, la mwizi na la mchawi. Gusa moja. Ustadi wa upande huo unapanda haraka kwa asilimia 20 na hakuna gharama yoyote. Nikagusa la mwizi kwa sababu ya kufuli.

Jioni tukafika kwa Alvor, mfua vyuma, mjomba wake Hadvar. Mtu hanijui, nguo zangu zimeungua, akaniambia nichukue chakula na vifaa nitakavyohitaji, mkewe Sigrid akatuandalia. Nilichukua kabichi, viazi na dawa moja ya kuponya, nikaacha vingine. Nikaenda kulala Sleeping Giant Inn, chumba dhahabu 10. Msione uchungu na hiyo 10, ukilala kitanda cha kukodi unaamka umepumzika vizuri na kwa saa 8 ustadi wote unapanda haraka kwa asilimia 10.

Siku ya 2. Bleak Falls Barrow

Asubuhi nikapita dukani kwa Lucan Valerius, nikamkuta anabishana na dada yake Camilla. Wezi wameingia, wameiba kitu kimoja tu, ukucha wa dhahabu. Nikasema nitaufuata. Camilla akatoka na mimi, akanitembeza mpaka darajani akanionyesha njia ya mlimani, kaka yake hataki lakini dada amekaza. Ni mwendo wa dakika moja ila mtu anapokusindikiza mpaka mwisho wa kijiji unaondoka na moyo mwingine kabisa.

Njia inapanda, theluji inaanza, kuna mnara wa majambazi katikati, nikapigana nao nikapoteza dawa yangu pekee. Juu kwenye ngazi wengine watatu. Hapo nikachukua mishale yote, haina uzito, na pesa, na silaha zao nikaziacha kwenye theluji. Niliziangalia lakini. Mara ya kwanza inauma.

Ndani jambazi mmoja yuko mbele yangu anavuta mtambo wa lango, mishale ikatoka ukutani ikammaliza. Basi nikasimama nikasoma chumba. Nguzo tatu zinazozunguka zina picha za wanyama, na juu ya lango kuna vichwa vya mawe vyenye picha hizo hizo, ila cha katikati kimeanguka kiko sakafuni kwenye vumbi. Ukikitafuta chini unalipata jibu lote, nyoka, nyoka, nyangumi. Nilikuwa nimeshalijua kwa kichwa tangu zamani na bado nilishuka nikakitafuta kile kilichoanguka, kwa sababu mtu alikaa akafikiria kwamba jiwe lidondoke pale ili jicho lako lishuke. Mapango ya Skyrim ni zaidi ya 150 na yalifanywa na kikosi cha watu 8, wakati Oblivion ya 2006 kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, na ukitembea bila haraka unaiona hiyo tofauti.

Chini zaidi kuna Arvel amenaswa kwenye utando, buibui mkubwa ameshuka kutoka darini. Nikamuua buibui, nikamkata Arvel utando, akakimbia na ukucha bila hata ahsante, haikupita hata dakika nikamkuta amelala kwenye mtego. Kwenye daftari lake ameandika kwamba ukiushika ukucha jibu liko kwenye kiganja chako. Hapa ndipo nataka mtulie. Fungua begi, uchague ukucha, uugeuze, uuvute karibu. Upande wa ndani kuna duara tatu zimechorwa, dubu, nondo, bundi. Kile ulichokuwa unakihesabu kama dhahabu kumbe ni funguo, na mlango ule mkubwa wa pete tatu unasubiri hizo hizo picha kuanzia pete ya nje. Ukizunguka zikakaa sawa, unachomeka ukucha, ukuta mzima unashuka ardhini na vumbi linadondoka. Nimeshaona milango mingi kwenye magemu mengi. Huu bado unanisimamisha nywele.

Mwisho wa pango ule ukuta wa maneno, sauti kama za kwaya zinavuma, giza linakujia pembeni, neno Fus, la lugha ya majoka, linaingia kichwani. Halafu jeneza nyuma likapasuka. Yule draugr, maiti aliyefufuka, aliniua mara 4. Ya 5 nikampata kwa kurudi nyuma nikimlenga mishale huku nazunguka meza ya mawe.

*Kwa watakaopita huku:* vile vyungu vya makaburini vifungue vyote, vina pesa na mara nyingine kito. Vitambaa vya maiti acha, uzito 1 thamani 2, vinajaza begi kimya kimya mpaka ushangae. Jiwe la joka mtakalolitoa mle kwa yule draugr linaandikwa uzito mkubwa ila msiogope, kitu cha kazi maalum hakihesabiwi kwenye mzigo mpaka ukikabidhi. Na msirudi mlikoingilia, nyuma ya bosi kuna ngazi na mlango wa mkato unatokea upande wa ziwa Ilinalta, chini kabisa.

Siku ya 3. Riverwood tena

Nimetoka na mzigo wa 287. Ukucha nikamrudishia Lucan, akanipa dhahabu 400, akaushika akasema anaukumbuka ulikuwa mkubwa zaidi, akauweka mezani pale pale pa siku zote. Ukipita dukani miezi baadaye bado uko.

Kuuza ndiyo kulichukua siku. Thamani unayoiona kwenye begi siyo unayolipwa, ukiwa mgeni mwenye maneno machache mfanyabiashara anakupa kama theluthi, ule upanga wa 25 alinipa 8, nyundo ya 60 alinipa 19. Nimebeba uzito wa 24 kutoka juu ya mlima ule, kwenye barafu, kwa dhahabu 19! Pete mbili za robo uzito zilinilipa zaidi ya silaha zote mbili pamoja. Toka siku hiyo kabla sijaokota chochote nagawanya thamani kwa uzito, kikiwa chini ya 10 kinabaki.

Tena duka la vitu vya kawaida lina dhahabu 750 tu, wafua vyuma 1000, wauza dawa 500, na zikiisha unasubiri saa 48 zijae tena. Pangeni hilo.

Siku ya 4. Whiterun

Mwendo mzuri, maporomoko kulia, halafu tambarare inafunguka na mji uko juu ya kilima. Nikampa Farengar, mchawi wa mjini, lile jiwe la joka. Usiku huohuo tukatumwa mnara wa magharibi, joka Mirmulnir, akafa, roho yake ikaniingia. Mifupa ya joka ina uzito wa 15 kila mmoja na magamba 10, thamani 500 na 250. Nilichukua mifupa miwili na gamba moja, vingine vikabaki vinawaka moto nyasini na walinzi wamevizunguka.

Asubuhi nikakutana na Brenuin, ombaomba wa mjini. Nikampa dhahabu 1. Kumbe ukitoa sadaka unapata baraka, ustadi wa maneno unaongezeka 10 kwa saa nzima, na nilikuwa ndio naelekea kuuza. Mpeni mzee wa watu, kila mnapopita.

Siku ya 5 mpaka ya 26

Vibarua vidogo vidogo, majambazi, kupanda levo, kukusanya dhahabu 5000 za kununua Breezehome kwa Proventus, msimamizi wa mji. Lydia, mlinzi wangu, akahamia pale. Sina la kusimulia.

Siku ya 27. Gari la kwenda Winterhold

Bjorlam, dereva wa gari la farasi nje ya lango la Whiterun, alinitoza dhahabu 50. Miji mikubwa ni 20, ile midogo ya mbali ndiyo 50. Mzigo wangu ulikuwa 96 tu pamoja na chakula, supu ya mboga sahani 14. Ni kabichi moja, kitunguu cha majani, kiazi na nyanya, unapika popote penye sufuria ya moto. Haijazi afya haraka, inakurudishia kidogo kidogo kila sekunde kwa dakika 12, nguvu za mwili pia, na maana yake ni kwamba hata ukichoka kabisa bado unaweza kupiga pigo zito. Nimemaliza shimo zima kwa supu, dawa zangu sikuzigusa.

Winterhold ni huzuni. Mji mkuu wa zamani, nyumba chache zimebaki, nyingine mbao tupu kwenye theluji. Mwaka 122 wa Enzi ya Nne sehemu kubwa ilianguka baharini. Nililala Frozen Hearth. Jambo la kuweka akilini ni kwamba gari la kuwaleta lipo, la kuwarudisha halipo. Ukifika huku umefika.

Siku ya 28. Chuo na mzee wa barafuni

Faralda wa lango la chuo cha wachawi anataka uonyeshe uchawi, mimi nikamwambia ni Dragonborn, mtu mwenye roho ya joka, nikapiga ukelele wa Fus, akanipitisha. Nilikuwa natafuta Elder Scroll, hati ya kale, basi Urag gro-Shub wa maktaba akanielekeza kwa Septimus Signus, kaskazini, kwenye barafu ya baharini. Hapo nilipotea saa nyingi sana, dhoruba, huoni hatua kumi, unaruka kutoka kipande cha barafu kwenda kingine. Nilichoona kwanza ni mtumbwi, halafu mlango mdogo. Mzee akili imeshaondoka, anaongea kwa mafumbo, lakini alinipa duara la kufungulia Blackreach, pango kubwa la chini ya ardhi, na mchemraba mtupu bila kunidai chochote.

Siku ya 29 na 30. Alftand

Kusini magharibi mwa Winterhold, ndani ya ufa wa barafu, kuna majukwaa ya mbao yaliyojengwa na msafara uliotangulia. Wamekuja kuchimba magofu ya Dwemer, taifa zima lililotoweka kwa mara moja, na ndani unakuta mabomba bado yanatoa mvuke, mitambo inazunguka haina bwana.

Mwanzoni tu unasikia sauti ya mtu anaongea peke yake. Ni J'darr, Khajiit, yaani mtu-paka, skooma, dawa ya kulevya, imemwishia. Alinikimbilia na shoka nikamuua. Pembeni yake alikuwa amelala kaka yake J'zhar, ameshakufa, na daftari. Nilikaa nikalisoma lote kwenye mwanga wa ile taa ya shaba. Jinsi dhoruba ilivyowafungia, jinsi alivyokuwa anamficha mdogo wake, anahesabu chupa zilizobaki. Daftari lenyewe halina bei. Niliweka begini.

Kuanzia hapo ni chini tu. Buibui wa shaba, mipira inayofunguka ikawa askari, vyuma vinavyotoka ukutani kukusukuma shimoni. Halafu Falmer, viumbe wa chini ya ardhi. Hawaoni, wanasikia, kwahiyo zima mwenge, vua viatu vizito, nyata. Kuna mmoja alipita karibu nami kiasi kwamba pua yake ilijaza skrini, akanusa, akageuka.

Kwenye ngawira hapa ndipo watu wanaharibu. Chuma cha Dwemer kipo kila kona na kinaonekana chote ni sawa, sio sawa hata kidogo. Kile kipande kizima kizito kina uzito wa 25 na ukikiyeyusha unapata mikuo 5. Kipande kilichopinda kina uzito wa 2 na kinatoa mikuo 3. Rudieni kusoma hapo. Bamba dogo nalo ni 2 kwa 3. Nilitoka Alftand na vipande 34 vya uzito wa 2, yaani mzigo wa 68 utakaozaa mikuo 102, ambapo kwa vile vizito ningehitaji mzigo wa zaidi ya 500.

Kanisa kuu la chini ndilo lilikuwa gumu, lile jitu la mvuke. Nilijificha nyuma ya nguzo, mishale, supu, mishale. Wawili wa mwisho wa msafara, Sulla na Umana, nikawakuta wanapigana wao kwa wao, na waliponiona wakanigeukia. Sikutaka kuwaua. Niliweka duara kwenye mtambo, sakafu ikashuka ikawa ngazi.

Siku ya 31 na 32. Blackreach

Nina picha 61 za siku hizi mbili na hakuna hata moja inayofanana na nilichoona. Unatoka kwenye mlango wa shaba ukitegemea chumba kingine, unakuta anga. Uyoga mrefu kama minara unang'aa buluu, maji yanaanguka kutoka darini usikokuona, na mji mzima umelala mbele.

Karibu na mlango kuna kibanda cha Sinderion, mtaalamu wa dawa, mifupa yake iko sakafuni na karatasi zake. Alikuwa anatafuta nirnroot nyekundu, ule mmea unaoimba. Zinatakiwa 30 halafu unampelekea Avrusa Sarethi shambani kwake, na malipo ni kwamba kila ukitengeneza dawa una nafasi ya asilimia 25 ya kupata mbili. Nilizitafuta kwa masikio. Nazima muziki, nasimama, nasikiliza ule mlio upande gani unazidi. Saa nne za kwetu ziliondoka hapo na ndizo saa bora za safari yote, sikuua kitu, sikufungua kasha, nilikuwa natembea gizani nasikiliza.

Rafiki yangu mmoja alinitumia ujumbe zamani kwamba juu ya mji wa kimya kuna mpira wa chungwa unaning'inia kama jua, upigie ukelele wa Unrelenting Force wote, ule unaoanza na Fus. Nikapiga. Mlio wa kengele, halafu joka, Vulthuryol, chini ya ardhi! Alikufa kando ya mto. Mzigo wangu ulikuwa 291. Mifupa ya joka miwili ni 30. Nikatoa begini vito vya roho vidogo, nikahesabu, haikutosha. Nikauchukua mfupa mmoja nikazidi kwa vidole, nikajikokota mpaka mnara wa Mzark huku nasikia kila kinachotembea. Ilichukua muda mrefu mno lakini sikuuacha.

Juu ya mnara unaweka mchemraba, vitufe vinawaka kimoja kimoja, lenzi zinashuka, na katikati kifuko kinafunguka. Elder Scroll. Sikuigusa mara moja. Nilikaa kwenye ngazi.

*Kwa watakaopita huku:* ngawira msihifadhi kwenye makasha ya shimoni mkidhani mtarudi, shimo ambalo hujalimaliza linajipanga upya baada ya siku 10, ulilolimaliza siku 30, na vyako vinaondoka navyo. Lifti ya Mzark mkiifungua mara moja inabaki kuwa mlango wenu.

Siku ya 33. Nyumbani

Lifti, jua, theluji, macho yanauma. Nikashuka mlima kuelekea kusini kwa mwendo wa kujikokota, mbwa mwitu wawili, hakuna kingine. Jioni Whiterun. Nikampa Brenuin dhahabu yake 1. Nikayeyusha vyuma kwenye tanuru la nje kwa Adrianne, mfua vyuma wa mjini, mikuo 102 imekaa mezani inang'aa. Mikuo miwili na mmoja wa chuma cha kawaida unapata upinde wa Dwemer wa thamani ya 270, ila uwe na ufundi wa levo ya 30 na umechukua kipaji chake.

Nilipofungua mlango Lydia alikuwa kwenye kiti anakula mkate. Nikapanda juu nikamwaga begi lote. Mfupa wa joka umeingia sandukuni, nirnroot ziko kwenye kabati zinaimba mpaka sasa hivi naandika, na daftari la J'zhar liko kwenye rafu ya vitabu, peke yake bado, sijapata kingine cha kuweka pale.